Maji ya Bamvua na Antena ya Shela

Nilipofunga antena ya kwanza ya kurushia wateja intaneti juu ya paa la nyumba yetu mjini Lamu na kuielekeza kijiji cha Shela, umbali wa kama kilomita 3, niliamini kwamba kuuona mlingoti wa pili kwa macho kulitosha. Hakukutosha. Katika masafa ya gigahezi 5.8, mawimbi ya redio hupita ndani ya eneo lililovimba katikati kama tumbo la jahazi, ambalo kwa umbali huo lina nusu-kipenyo cha takriban mita 6, na mnazi au paa la makuti likiingia humo mawasiliano hudhoofika ingawa antena zinaonana.

Tabu kubwa zaidi ilitoka baharini. Wakati wa bamvua, maji ya bahari yanapojaa kupita kawaida, wateja walinipigia simu saa zile zile za maji kujaa, nami kwa siku kadhaa nikalaumu umeme, kisha ruta, kabla ya kutazama jedwali la maji kujaa na kupwa. Mawimbi ya redio yaliyoakisiwa na uso wa bahari yalikuwa yakifika yamechelewa kidogo na kuyapunguza nguvu yale yaliyokuja moja kwa moja. Maji yalipopwa, hali ikarudi kuwa nzuri. Niliiteremsha antena moja kwa karibu mita moja na nusu, na kukatika kukapungua sana.

Chumvi ni habari nyingine: sasa natumia skrubu za chuma kisichoshika kutu, na viungo vya waya nimevizungushia utepe wa mpira. Usiku, kila nyumba ina kikomo chake cha megabiti, kwa sababu kijana mmoja aliyekuwa akipakua filamu aliwahi kutunyima sote intaneti baada ya tarawehe.