Kutoka Kilwa hadi kuta za Saint-Malo

Mtu wa Kilwa akiona ukuta wa kale kando ya bahari, lazima aende aupapase. Nina miaka minne hapa Rennes, Ufaransa, na Jumamosi iliyopita ndipo nilipopanda treni, kama saa moja tu, hadi Saint-Malo, pwani ya Bretagne.

Unazunguka mji mkongwe juu ya ukuta, bahari upande mmoja, mapaa upande wa pili, bila kiingilio. Nyumba nilizodhani ni za kale zimejengwa upya baada ya mabomu na moto wa Agosti 1944. Ukuta wenyewe ulisalimika.

Huko juu kuna sanamu ya Robert Surcouf, amenyoosha kidole baharini. Hapa ni shujaa: nahodha aliyekuwa akiteka meli za Waingereza. Lakini aliziteka kwenye Bahari ya Hindi, bahari yetu, na huko huko aliongoza meli ya watumwa hata baada ya Ufaransa kuupiga marufuku utumwa mwaka 1794. La Bourdonnais naye, gavana wa Mauritius na Réunion tangu 1735, alizaliwa mji huu. Mashamba ya visiwa hivyo yalitaka watu, na mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa: watumwa 1,000 kila mwaka. Nilisimama pale muda mrefu. Nilitamani watoto waliokuwa wakipiga picha na sanamu wasimuliwe na upande huo, maana ni historia yao kama ilivyo yangu.

Dinan nilipita jioni kwa basi. Mji mzuri, mtelemko wake wa mawe wa Jerzual unashuka hadi mtoni, ila moyo wangu ulibaki baharini.

Maji! Wakati wa bamvua, tofauti ya kujaa na kupwa inapita mita 12. Asubuhi nilivuka kwa miguu hadi kisiwa cha Grand Bé, alikozikwa mwandishi Chateaubriand mwaka 1848. Mchana njia ile ile ilikuwa bahari tupu. Ukija, soma kwanza jedwali la maji, watu hukwama huko.

Usiku nilimpigia mjomba, mvuvi wa Kilwa Kisiwani, nikamweleza. Alinyamaza kidogo.

"Mita kumi na mbili? Sasa mwanangu, ngalawa zao wanazifunga wapi?"