Upepo wa mivinje na noti iliyopanda

Jana usiku niliwasikilizisha wenzangu kipande changu kipya. Dakika 11, hakina ngoma wala maneno. Nilirekodi kwa simu upepo wa kusi ukipita kwenye mivinje kule Jambiani, kisha nikaupunguza kasi kwa nusu kwenye kompyuta. Sauti ikashuka oktavu nzima, ikawa kama mtu anayepumua usingizini. Juu yake nikaweka kinanda cha elektroniki, noti nne tu, zenye mwangwi mrefu.

Rafiki yangu anayetengeneza midundo ya singeli alisikiliza hadi mwisho, na hilo lilinigusa sana, maana yeye kazoea kasi. Akasema besi imefunika upepo, niikate chini ya hezi 80. Kweli kabisa. Nimekata, na majani yamerudi.

Lakini mzee wetu mpiga udi ndiye aliyenikesheza.

"Mwanangu, hii unataka iwe Rasti, ila noti ya tatu imepanda."

Akanipigia kwenye udi wake. Rasti ni maqamu, yaani ngazi ya noti katika muziki wa Kiarabu. Kinanda changu kina noti 12 kwa oktavu, na ile ya tatu ya Rasti haimo. Inakaa katikati, baina ya mi na mi bemoli, yaani mi iliyoshushwa nusu toni. Nikaishusha senti 50 za kipimo cha sauti, yaani nusu ya nusu toni. Akatikisa kichwa. Senti 40. Bado. Senti 35.

"Hapo hapo. Usiiguse tena."

Sijaigusa. Kusi likivuma tena nitarudi Jambiani kurekodi, na mzee kaahidi kuja na udi.