Malkia wa gogo la mjakaranda

Mvua za vuli za mwaka 2019 zilimwagika Nairobi hadi udongo ukalegea, na mjakaranda uliooza shinani ukaanguka katika ploti tuliyokuwa tumepanga Kasarani. Fundi aliyeitwa kuugeuza kuni alipasua gogo moja, akaruka nyuma huku akipangusa mikono. "Siafu!"

Siafu hawakai ndani ya gogo, na vibarua wao, yaani sisimizi wafanyakazi, hawana macho. Hawa walikuwa na macho makubwa, kila mmoja akikimbia upande wake na kifukofuko cheupe kinywani. Wengi huviita mayai, lakini yai la sisimizi ni dogo kiasi cha kuhitaji lenzi. Kifukofuko kina pupa ndani, yaani buu anayegeuka kuwa sisimizi kamili. Harufu ya asidi ya fomiki, wanayojihami nayo, ilikuwa ikichoma pua. Badala ya kuwafukuza, niliamua kuwafuga, lakini kwanza nijue ni sisimizi gani.

Kwa lenzi ya kukuza mara kumi nilianzia kiunoni. Kifundo kimoja kiliondoa jenasi mbili za sisimizi, Pheidole na Messor, wenye vifundo viwili. (Messor cephalotes, wale wavunaji wakubwa wa mbegu, ndio waliowafikisha watu wanne katika mahakama ya Kahawa, Nairobi; Mei 2025 kila mmoja alitozwa faini ya shilingi milioni moja. Anayetaka kukusanya sisimizi wa porini leo aanze kwa kuuliza KWS, Shirika la Wanyamapori la Kenya.) Mgongo ulipinda kwa tao moja laini toka shingoni, vipapasio vilikuwa na pingili 12 na vilichomoza mbali kidogo na ukingo wa juu ya mdomo, na ukubwa wa vibarua ulitofautiana sana. Basi ni Camponotus, jenasi ya sisimizi seremala. Madoa hafifu tumboni yalielekeza kwenye kundi la spishi la maculatus, lenye jamaa wengi wanaofanana mno, nami nikaishia hapo.

Kazi ngumu ilikuwa kumpata malkia. Bila yeye unafuga kundi linalokufa polepole: vibarua wanaweza kutaga, lakini mayai yasiyorutubishwa hutoa madume tu. Watu humchukua askari mwenye kichwa kikubwa wakidhani ndiye. Tazama kifua, si kichwa. Cha askari ni chembamba. Cha malkia ni kipana, kimeinuka, na kina makovu pale mbawa zilipokatika.

Kumchokonoa kwa kijiti ni njia ya haraka ya kumuua. Vipande vya gogo nilivitia ndani ya beseni pana lenye ukingo uliopakwa mafuta ya mgando ili wasipande na kutoroka, utando mwembamba tu, nikaviacha vikauke chini ya taa. Kando nililaza mirija ya kioo ya maabara. Kila mmoja ulikuwa na maji hadi theluthi, pamba iliyosukumwa hadi iguse maji bila kuacha kiputo cha hewa, na karatasi nyeusi kuuzunguka. Kuni zikikauka na mwanga ukizidi, sisimizi huhama wenyewe kuelekea giza na unyevu, wakibeba watoto wao. Malkia aliingia akiwa katikati ya msongamano wa vibarua. Hakuguswa hata kidogo.

Kulisha si kazi. Sukari kipimo kimoja kwa maji vipimo vitatu, ikinyweshwa kwenye pamba, kwa maana tone lililo wazi huwazamisha. Protini ni ya mabuu na malkia zaidi: mende au panzi aliyetumbukizwa kwenye maji yanayochemka ili utitiri ufe, kisha akakatwa vipande. Mende aliyeokotwa jikoni hafai kabisa, huenda amekwisha kupuliziwa dawa. Mabaki yatolewe kesho yake kabla ya ukungu. Na mirija isikae juani hata kidogo: hewa iliyo nyuma ya maji hupanuka, ikayasukuma kupitia pamba, na kundi likafurika.

Shida kubwa ilikuwa ukingo wa sanduku lao la kutembelea, wanakotoka mirijani kutafuta chakula. Nilikoroga poda ya watoto na spiriti ya kusafishia vidonda hadi ikawa kama maziwa, nikapaka kwa brashi, ikakauka. Poda iwe ya talki. Ya wanga wa mahindi haifai. Vibarua waliteleza na kuanguka vizuri sana, mpaka wiki ya ukungu na baridi ilipoingia. Unyevu hushikanisha poda, nayo ikawa ngazi.

"Wewe kijana," mama mwenye nyumba aliita kutoka jikoni, "wageni wako wamo kwenye sukari yangu."

"Samahani, mama, nakuja kuwatoa."

Niliwarudisha kwa brashi laini, nikapaka ukanda wa pili, safari hii ndani ya kifuniko chenye tundu lililozibwa kwa wavu mwembamba wa chuma. Wa nailoni hutafunwa. Mama alihamishia mkebe wa sukari juu ya friji, akasema kodi ya mwezi ule itahesabiwa kwa vichwa.