Vile nilimaliza triathloni yangu ya kwanza Kisumu na nilikuwa naogopa maji

Mimi ni mzaliwa wa Kisumu, kutoka kwetu mpaka ziwani ni kama dakika ishirini kwa miguu, na mpaka nafika miaka 34 sikuwa nimewahi kuingiza kichwa ndani ya maji. Nikiwa darasa la tatu kijana wa jirani alienda kuogelea na wenzake jioni akarudishwa amebebwa kwa blanketi. Kuanzia siku hiyo mama alitukataza ziwa, na si kukataza kwa kelele, alisema mara moja tu na sisi tukashika.

Sasa Novemba tukiwa tumekaa kwa fundi wetu wa baiskeli pale karibu na Kibuye, mwalimu mmoja wa kundi letu akasema kiangazi hiki tufanye triathloni yetu wenyewe, ule umbali wa Olimpiki. Kama hujui, unaogelea mita 1,500, ukitoka unapanda baiskeli kilomita 40, ukishuka unakimbia kilomita 10, na saa haisimami hata ukifunga kamba za viatu. Ndio umbali ulioingizwa Olimpiki kule Sydney mwaka wa 2000. Wote wakashangilia, mimi nikanyamaza. Baiskeli naweza, kukimbia pia najikaza, lakini hayo yote yanakuja baada ya maji.

Nilikubali kwa sababu ya hao watu, sitadanganya. Tuko watano. Kuna mwalimu wa sekondari, kuna sista ambaye ni nesi na anakuja hata akiwa ametoka shifti ya usiku, kuna fundi mwenyewe, kuna mimi, halafu kuna mzee wetu ambaye tunamuita tu Jaduong'. Huyu alikuwa boda wa baiskeli enzi zile kabla pikipiki zijae mjini, abiria anakaa nyuma kwa kiti cha sponji juu ya Black Mamba, baiskeli nzito haina gia hata moja, na bado anampeleka Mamboleo na gunia la mahindi. Sai ana miaka 58 na hakuna mtu kati yetu anaweza kumwacha mlimani.

Tulianza wikendi ya kwanza ya Disemba kwa sababu ukingoja mpaka Machi mvua za masika zinakukuta barabarani. Tunakutana saa kumi na moja na nusu asubuhi, giza bado, taa mbele na nyuma, tunaenda njia ya Ahero. Hiyo barabara imenyooka, ni tambarare za Kano, mashamba ya mpunga huku na huku, mtu akiiangalia anafikiria ni rahisi lakini ngoja upepo. Asubuhi mapema upepo unatoka nchi kavu kuelekea ziwani, kwa hivyo kwenda unakupiga usoni na kurudi unakusukuma. Jua likishapanda ardhi inashika moto haraka kuliko maji, upepo unageuka, unaanza kuvuma kutoka ziwani. Sisi siku ya kwanza tulikaa Ahero tukikunywa chai na mandazi na tukipiga stori mpaka saa nne, na kurudi tukapigwa usoni mara ya pili, jua la saa sita juu ya kichwa, sista hakuongea neno kutoka Ahero mpaka Nyamasaria na nilipomuangalia midomo yake ilikuwa imepasuka. Baada ya hapo chai ikawa ni ya kunywea Kisumu tukisharudi. Na yeye ndio alianza kututengenezea maji ya kubeba, lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vile vile wanawapa watu wa kuhara. Hatujanunua kinywaji cha dukani tena.

Kitu nilipenda zaidi ya vyote ni kupeana zamu. Tunapanga mstari, wa mbele anakata upepo dakika mbili tatu, anasogea kando, anarudi nyuma, mwingine anachukua. Ukiwa nyuma ya mwenzako unaskia kabisa miguu imepewa nafuu, ni kama mtu amekubebea mzigo. Hamuongei, unaskia tu cheni tano na matairi kwa lami na pembeni vyura kwa mpunga. Lakini mwalimu akatukumbusha kwamba mashindano mengi ya watu wa kawaida hayaruhusu kujificha nyuma ya mtu, unaacha kama mita 10, kwa hivyo kuanzia Januari tukawa tunaenda pamoja na kurudi kila mtu na upepo wake. Nikirudi natupa baiskeli kwa fundi nakimbia hapo hapo kilomita mbili, kwa sababu miguu ikitoka kwa pedali haijui kukimbia, inakuwa ya mbao dakika kumi za kwanza na lazima uizoeshe.

Pancha nazo tulipata nyingi sana na karibu zote ni kitu kimoja, vile viwaya vyembamba vya tairi la lori lililopasuka. Havionekani. Fundi alinifundisha kupitisha pamba ndani ya tairi polepole, pamba ikinasa ndio hapo, unachomoa na koleo ndogo kabla ya kuweka tyubu. Ukibandika kiraka bila kutoa hiyo waya, kilomita mbili mbele umeshuka tena.

Haya, maji.

Watu waliniuliza mbona usiende tu ziwani ni bure. Ziwa letu nalipenda lakini pale ukingoni kuna konokono wa kichocho, vile vijidudu vinapenya ngozi na wewe huoni wala huskii, na viboko upande wa Dunga wako, si hadithi. Nikaenda kwa bwawa la hoteli moja, mita 25, unalipa shilingi 300. Mara ya kwanza nilishuka ngazi maji yakafika kifuani na moyo ulikuwa unapiga mpaka nauskia kwa masikio. Niliingiza uso, nikatoa, nikapanda ngazi nikaenda nyumbani. Nililipa mia tatu kwa pumzi moja.

Wiki tatu nzima ilikuwa hivyo hivyo. Kocha wa hapo alikuwa mpole, alinionyesha mikono, alinionyesha miguu, na mikono yangu ikawa mizuri na miguu ikawa mizuri lakini nikipiga kama mara nane nahisi nakufa, nasimama, nashika ukuta. Nilikuwa nimeamua kuwaambia wengine niko na shida ya kazi nijitoe.

Jumamosi iliyofuata tulienda njia ya Maseno. Ukipita Kisian, pale barabara ya Bondo inachepuka kushoto, ile ya Busia inaanza kupanda na haikuachi, unapanda unapanda mpaka karibu na pale kwenye alama ya ikweta. Nilikuwa nimebaki nyuma, kifua kinawaka, navuta hewa kama mtu ametoka kukimbizwa. Jaduong' akapunguza mwendo akaningoja, akawa kando yangu, hata jasho hana. Akaniskiza kidogo. Akasema, "Kijana wangu, wewe unavuta tu. Hutoi. Umejaa hewa ya zamani, mpya itaingilia wapi? Toa yote. Kuingia itaingia yenyewe."

Nikajaribu. Nikasukuma pumzi nje kwa mdomo mpaka tumbo likaingia ndani, na kweli, ile ya kuingia ilikuja bila kuitwa. Tena. Tena. Nilihesabu pedali, nne za kutoa, mbili za kuingia. Mlima haukupungua lakini ile hofu ya kifuani ilitoka, nikaanza kuona vitu, akina mama wamepanga maparachichi kando ya barabara, ng'ombe, mtoto ananipungia. Na hapo hapo juu ya baiskeli nikajua shida yangu ya bwawa ni nini.

Nilikuwa nashikilia pumzi ndani ya maji! Kila mara uso uko chini nimefunga kila kitu, halafu nikigeuza kichwa nataka kutoa na kuvuta vyote viwili kwa ule muda mdogo mdomo uko nje, na hautoshi. Nilipomwambia sista akasema ndio maana, ile hewa chafu ikijaa mwilini ndio inakufanya uhisi unakufa, hata kama oksijeni ingali iko ya kutosha. Kumbe sikuwa nazama, nilikuwa nimejaa.

Jumanne nikarudi. Sikuogelea hata mita moja. Nilishika ukuta, uso ndani, nikatoa mapovu polepole kwa pua mpaka yakaisha, nikageuza kichwa, hewa ikaingia, uso ndani tena. Nusu saa nzima nikiangalia mapovu yangu yakipanda mbele ya macho, ile vigae ya buluu chini, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliskia kimya cha maji na sikukiogopa. Alhamisi nikafanya mita 25, nikapumzika, 25 tena. Kocha akaniambia niangalie chini kabisa, nisiangalie mbele, kwa sababu ukiinua kidevu miguu inazama na unaburuta mwili wako kama gunia. Katikati ya Januari nilifika 200 bila kusimama, wiki ya kwanza ya Februari 800. Nililia kidogo hiyo siku ya 800, ndani ya miwani, hakuna mtu aliona.

Siku yenyewe tulichagua Jumapili ya mwisho ya Februari. Hakuna medali, hakuna namba kifuani, ni sisi watano tu, na Jaduong' alisema yeye atafanya baiskeli na mbio, maji amewaachia vijana. Shida ilikuwa kuhesabu. Mita 1,500 kwa lile bwawa ni kwenda na kurudi mara 30 na kila mtu alijua ukichoka hesabu inapotea. Jumamosi jioni nikiwa kwa mama nikamweleza, na nilikuwa nimemficha hiyo mambo ya bwawa miezi mitatu. Alinyamaza muda mrefu akichambua maharagwe kwa sinia. Halafu akauliza, "Inaanza saa ngapi?"

Alikuja na leso yake na vikombe viwili. Kwa kimoja alikuwa na maharagwe 30. Akavuta kiti mpaka ukingoni kabisa, upande wetu wa kuanzia, na kila nikigusa ukuta anahamisha moja. Saa kumi na mbili na nusu tukaingia, mwanga ndio unatoka. Zile raundi kumi za kwanza niliogelea kwa woga, nikikumbuka kutoa, kutoa, kutoa. Baadaye nikaacha kukumbuka, ikawa inajitoa. Nikigeuza kichwa naona kipande cha leso ya njano, narudisha uso, mapovu. Mahali fulani nikaskia sauti yake kwa Kiluo, "Nyathina, zimebaki mbili," na nikajua sitasimama.

Maji yalinichukua dakika 41. Baiskeli tulienda karibu na Ahero tukageuka kwa kilomita 20, nikapigwa na upepo kwenda na ukanisukuma kurudi vile vile tulivyopanga, saa moja na dakika 38. Fundi alipata pancha Nyamasaria na akatukataza tusisimame. Mbio ndio zilikuwa ngumu kwangu, jua la saa tatu Kisumu mnalijua, tulikimbia mpaka Dunga na kurudi na nikatembea mara mbili penye hakuna kivuli, saa moja na dakika tisa. Ukiweka na kubadilisha nguo na viatu jumla ni saa tatu na dakika 34. Mwalimu alikuwa amemaliza kitambo. Sista alimaliza nyuma yangu akiimba. Jaduong' alitungoja mwishoni na jagi la uji.

Mama alikuwa bado kwa kile kiti. Hakusema mengi, alinipanguza uso na pembe ya leso, akaniuliza kama nimekula. Mvua zimeanza sasa, baiskeli yangu iko kwa fundi inabadilishwa beringi, na juzi nilipoenda kwake kula niliona yale maharagwe 30 yako kwa kikombe juu ya kabati. Nikamuuliza mbona hajayapika. Akasema hayo si ya kupika.