Fundi Friji Muongo

Machi 2022, siku ya Jumanne, kijana mmoja aliingia saiba yangu hapa Kondele, Kisumu, kuchapisha CV ya kurasa tatu. Fundi wa friji. Ijumaa alikuwa ameitwa kwenye usaili na kampuni moja ya kugandisha samaki. Nikimpa karatasi zake nikamwuliza, "Omera, hii namba yako hapa juu, umewahi kuitafuta?" Akacheka. Nikaiandika mbele yake kwenye Truecaller, programu inayoonyesha jina ambalo watu wameisevu namba kwalo. Jina likatokea: Fundi Friji Muongo.

Kicheko kikamwishia.

Watu hudhani mwajiri akitaka kukuchunguza huanzia Facebook. Hapa kwetu huanzia namba, maana ndiyo iliyo kwenye CV. Afisa anaisevu ili akupigie, na papo hapo WhatsApp inamwonyesha picha yako na yale maneno machache unayojieleza nayo. Ya huyu yalisema "Wakinichukia poa tu", na picha ilikuwa ya chupa, yeye akichungulia nyuma yake. Tulimaliza hilo kwa dakika tano: shati lenye kola, na maneno yakawa "Fundi wa friji na AC, Kisumu". Alitaka pia kuifunga picha ionwe na aliowasevu tu, nikamkataza. Afisa asiyemjua angeona kivuli cha kijivu, na kivuli hakimsemei mtu.

Kwenye Truecaller alijisajili mwenyewe kwa jina la kitambulisho, ili likae mahali pa lile alilobandikwa na wateja. Kuitoa namba kabisa kunawezekana kupitia tovuti yao, lakini fundi anaishi kwa kupigiwa simu, na namba isiyo na jina wengi hawaipokei. (Huo uongo wenyewe ulikuwa ahadi ya "nakuja kesho". Fundi gani hajawahi kuitoa?)

Kisha nikafungua dirisha la siri la kivinjari, ambalo halijaingia kwenye akaunti ya mtu yeyote, nikaandika majina yake mawili ndani ya alama za nukuu na kuongeza neno Kisumu. Bila zile alama unaletewa kila mtu mwenye jina moja kati ya hayo. Zikatokea akaunti mbili za Facebook. Moja aliitumia kila siku. Ya pili aliiacha 2019, simu ilipoibwa na laini ikaenda nayo.

Hiyo ya kila siku niliivamia kwa haraka, na haraka ikaniponza. Kuna kitufe, Limit Past Posts, kinachogeuza posti zako za nyuma zilizokuwa wazi kwa wote zionwe na marafiki tu. Nikabonyeza. Kikazifungia zote, hata nilizotaka zionekane: kompresa iliyofunguliwa juu ya gunia, geji za presha zikiwa kazini, bomba la shaba alilolichomea mwenyewe kule Dunga. Kitufe hicho hakirudishi kwa mkupuo. Picha kumi na moja tulizifungua tena moja baada ya nyingine, yeye akinung'unika na mimi nikijifanya sisikii.

Isitoshe, hakigusi maoni uliyoyaacha kwenye kurasa za wengine. Hayo yako Activity Log, orodha ya yote uliyoyafanya Facebook, na unaweza kuyachuja kwa mwaka. Tukachagua 2017, Septemba na Oktoba. Mtu wa Kisumu haelezwi miezi ile: Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais tarehe 1 Septemba, na marudio ya 26 Oktoba kura hazikupigwa huku. Kijana alikuwa amewaandika vibaya watu wa kabila jingine, na hakujua nani angekaa upande wa pili wa meza Ijumaa. Akaanza kusoma moja kwa sauti. Akaachia katikati.

Tulifuta maoni 37. Posti zilitaka uangalifu zaidi, maana ukiitupa posti kwenye takataka hukaa humo siku 30. Ukitaka iishe leo, ingia humo uifute mara ya pili. Skrinshoti iliyo kwenye simu ya mtu mwingine, hiyo hatukuwa na la kuifanya.

Akaunti ya zamani ndiyo iliyotushinda. Paswadi hakumbuki. Ukibonyeza "nimesahau", kodi ya kuthibitisha inakwenda kwa laini iliyoibwa. Barua pepe hakuwahi kuweka. Tukatuma picha ya kitambulisho, lakini alipofungua akaunti akiwa shuleni alijiongezea umri, akaandika kazaliwa 1 Januari 1990. Tarehe hazikulingana. Hadi Ijumaa hatukuwa tumejibiwa.

"Nitasema nilihakiwa," akaniambia.

Nikamwambia aache. Picha ni zake, sura ni yake, na mtu wa usaili ana macho. Akiulizwa aseme ni yake, laini iliibwa, na maneno yaliyomo aliyaandika mwenyewe.

Kurasa tatu shilingi 30, na saa tatu za mashine nikamtoza mia badala ya 180, kwa lile kosa langu la kitufe.

Akaunti ya zamani hakuulizwa. Aliyemsaili alikuza picha moja ya geji kwenye simu akauliza mbona mshale uko chini ya sifuri. Akamweleza kwamba hapo alikuwa bado anavuta hewa kwa pampu, gesi haijaingia. Waliongea gesi tupu hadi muda ukaisha, akapewa miezi mitatu ya majaribio.

Ile akaunti bado ipo, na picha yake ya kofia nyekundu. Januari iliyofuata niliichungulia. Watu wanne walikuwa wamemwandikia heri ya siku ya kuzaliwa. Alizaliwa Agosti.