Nimemwona Hatshepsut

Jamani, leo nimefika hekalu la Hatshepsut pale Deir el-Bahari, ng'ambo ya Nile ukitokea Luxor mjini, na bado mwili unanisisimka. Mama huyu alitawala Misri kama farao kamili kwa miaka ipatayo 20, karne ya 15 kabla ya Kristo. Wachongaji walimwekea hadi ndevu za kifalme!

Kilichonishika zaidi ni ukuta uliochongwa safari ya Punt, nchi ya kale iliyokuwa pande za Bahari ya Shamu. Wanaume wamebeba miti ya manemane, mizizi yake ikiwa ndani ya vikapu, na nyani wamejaa kwenye kamba za merikebu. Chini yake samaki wa Bahari ya Shamu, mmoja mmoja.

Kwingine sura yake imekwanguliwa kwa patasi. Ni kazi ya zama za Thutmose III, mtoto wake wa kambo, miaka mingi baada ya kifo cha Hatshepsut. Umbo limebaki, unaona kabisa kuna mtu alikuwa hapo. Imeniuma sana. Lakini mnara wake kwenye mahekalu ya Karnak, kule Luxor, jiwe moja la karibu mita 30, umesimama mpaka leo.

Mkija Luxor msiishie Bonde la Wafalme. Njooni huku asubuhi na mapema, maana jua la hapa ni kali mno.