Masizi yale msiyasugue

Jumamosi nimeshinda darini, nimelala kifudifudi juu ya boriti, tochi mdomoni, katika nyumba moja ya shamba huko Herefordshire. Nimeingia kikundi cha wastaafu wanaopima na kuchora nyumba kongwe za vijijini Uingereza kabla mafundi hawajazigusa. Mimi ndiye kijana wao, na nimeshatimiza miaka 52.

Kazi yangu hasa ni kushika ncha ya futi kamba. Nilipopewa chumba nikipime peke yangu, nilipima kuta nne nikaridhika. Jioni nachora, ukuta wa mwisho ukagoma kukutana na wa kwanza. Nyumba hizi hazina pembe iliyonyooka hata moja; usipopima na mshazari, kona kwa kona, umejichosha bure.

Kwa nje nyumba hii ina dohani ya matofali na ghorofa, ukiambiwa si ya zamani sana utakubali. Panda darini sasa. Kenchi zake ni mwaloni, jozi za miti iliyopinda inayotoka chini karibu na ardhi mpaka kileleni. Mti mmoja ulipasuliwa katikati ukawa pacha, kwa hiyo kifundo ukikiona mguu wa kulia, mwenzake yupo wa kushoto. Na zote nyeusi tii. Nilipitisha kidole kikatoka na masizi.

Maana yake mwanzoni hapakuwa na ghorofa wala dohani. Moto uliwaka sakafuni katikati ya ukumbi, moshi ukajitafutia njia paani. Kenchi moja ina masizi upande mmoja tu, upande wa pili mti una rangi yake. Hapo palikuwa na ukuta mpaka juu, na nyuma yake chumba ambacho hakikuingiwa na moshi. Ramani ya nyumba nzima, imechorwa na kuni!

Ukuta huo umebomoka kidogo. Kiongozi wetu akaanza kunieleza taratibu: fito zimesukwa, halafu udongo uliochanganywa na majani na samadi... Nikamkata kauli. Mzee, hiyo kwetu Pangani ni kukandika, nyumba ya bibi yangu nimeikandika kwa mikono hii. Akaniomba nimtajie herufi, akaliandika neno pembeni ya mchoro kwa penseli.

Kilichonikera ni kwamba mwenye nyumba ameshashauriwa na fundi wake apige mbao zote mchanga kwa mashine, zing'ae. Zikishang'aa, hakuna atakayejua moto uliwaka wapi.

Tulimweleza jikoni kwake, chai mkononi. Alisikiliza, kisha akakitazama kidole changu.

“Kwa hiyo huo ni uchafu wa jiko la nani?”

“La waliokutangulia humu, mama.”

Akanisogezea kitambaa nijifute, akaenda kumpigia fundi simu. Mlango aliufunga, hatukusikia alichomwambia.